Kwa Nini Mama Haji

Makao Makuu ya Reli
Ofisi ya Ununuzi
4 Machi

Kaka yangu,

Salamu kwako, kwa wifi na watoto, na kwa Mama kabla yenu wote, maana nikimtaja wa pili atajua hata barua ikiwa bado kwenye bahasha. Huku mimi mzima. Chumba nilichopanga bado kinavuja palepale, na mwenye nyumba bado anasema fundi yuko njiani. Nadhani fundi huyo anakuja kwa magoti.

Sasa kaa chini nikupe habari. Tangu Jumatatu mimi ndiye Kaimu Mkuu wa Ununuzi. Ndiyo, mimi, Bi Mapatano wako, niliyekuwa nakutia aibu sokoni kwa kubishania bei ya nyanya mpaka muuzaji anafunga meza. Kila kitu kinachonunuliwa na shirika, kuanzia sabuni ya chooni mpaka kichwa cha treni, lazima kipite mezani kwangu. Nikimaliza miezi sita bila doa, nathibitishwa. Kaka, nimeitaka nafasi hii tangu siku ile niliyoingia hapa kama karani wa kugonga mihuri.

Furaha yangu ina shubiri ndani yake lakini. Nimeipata kwa msiba wa bosi wangu. Walimkamata ofisini, sote tunaona. Alinunua mataruma ya reli kwa dharura, bila zabuni, na wakaguzi walipomuuliza dharura ilikuwa ipi hakuwa na karatasi hata moja ya kuwaonyesha. Aliiba au hakuiba, mimi sijui. Najua tu kwamba mke wake anakuja kila Ijumaa kuuliza mshahara, na hakuna anayemtazama usoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sijaumwa, nimeona tu mwenzangu akiumwa, lakini nimeapa neno dharura halitatoka kwenye kalamu yangu.

La mwisho ndilo kubwa. Daktari wa macho amekubali kumpokea Mama mwezi ujao. Anasema jicho la kushoto litibiwe upesi, lisije likalivuta na la kulia. Barabara yenu najua imekatika, kwa hiyo mpandishe treni, nami nitakuwa stesheni kumpokea. Jibu umpe gadi wa treni kama kawaida, kwa sababu simu yako hushika siku inayotaka yenyewe.

Mdogo wako

* * *

Karakana ya Mlimani
19 Machi

Mheshimiwa Bi Mapatano,

Hatujambo sote. Mama amepita nyumba kwa nyumba akitangaza cheo chako, utadhani anagombea udiwani. Wifi yako amecheka mpaka ameunguza chakula, na hakuna aliyemlaumu. Mimi nimewaambia mafundi wangu: kuanzia leo, anayenijibu ovyo atanunuliwa nyundo isiyo na mpini.

Baba angekuwepo angevaa ile kofia yake ya udereva akaja kukaa mlangoni kwako siku nzima bila kusema neno. Nimefurahi, mdogo wangu. Shika usafi wako. Usimpendelee mtu, hata mimi.

Na kwa kuwa nimeshakuambia usinipendelee, sasa naleta shida yangu. Mwezi wa kwanza niliomba viatu vya breki vya mabehewa ya abiria. Wewe ni mtu wa karatasi, basi nikueleze: ni vile vyuma vinavyobana gurudumu mpaka behewa lisimame. Huisha kama sabuni, na mteremko wetu ndio maji yenyewe. Maombi yalikwenda kwa bosi wako, nadhani yamezama pamoja naye. Yatafute. Si moto, lakini yatafute.

Mama magoti yanamsumbua. Tumesema asubiri kidogo.

Kaka yako

* * *

Makao Makuu
2 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na wote wapokee salamu zao. Mwambie Mama nimemnunulia kitenge, ila atakipata akija mwenyewe. Hiyo ni chambo na siifichi.

Maombi yako nimeyapata. Yalikuwa chini ya rundo, yamefunikwa na malalamiko ya miavuli ya wakata tiketi. Nilipoiona saini yako nilicheka peke yangu, ile herufi ya mwisho unayoivuta kama mtu anayekimbizwa. Kisha nikafanya ulilonifundisha. Kanuni yetu haibagui: iwe ndugu yako anauza au anaomba, unatangaza undugu na unajitoa. Nikaandika kwamba msimamizi wa karakana ni kaka yangu wa tumbo moja. Faili likaondolewa mezani kwangu siku hiyohiyo likapelekwa kwenye kamati. Wakilizungumza, mimi natoka nje. Mwenyekiti wa kamati alinishika mkono akasema laiti wote tungekuwa hivi. Nilirudi nyumbani natembea kama nimevaa viatu vipya.

Kamati imetangaza zabuni. Haraka haraka haina baraka, kaka, lakini mambo yanakwenda.

Mama vipi? Daktari amemwekea nafasi tarehe ishirini. Magoti hayatumiki kwenye kuona.

Mdogo wako

* * *

Karakana ya Mlimani
28 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imechelewa kwa sababu treni ilichelewa. Watoto wazima, wa mwisho ameng'oka meno mawili kwa mpigo na anadai tumlipe. Wifi yako anakusalimu.

Umejitoa. Nimelisoma neno hilo mara nyingi nikitafuta kama kuna tafsiri nyingine. Mdogo wangu, ndani ya jengo lile zima kulikuwa na mtu mmoja ambaye angelisukuma faili langu, na huyo amesimama nje ya mlango! Laiti ningekulea uwe mwizi kidogo. Lakini nimekulea mimi, na nikikulaumu nitakuwa najitemea mate.

Kamati ina watu wanaoujua mlima kwa picha za kalenda. Unasema haraka haina baraka. Na ngoja ngoja je? Huumiza matumbo. Tumefikia kuvua viatu vya mabehewa ya mizigo tukivichonga vienee kwenye ya abiria. Yadi yangu imejaa mabehewa pekupeku. Vikiisha hivyo sijui nitavua nini.

Mama anasema mvua zikipungua atakuja. Usimharakishe, ni mtu mzima.

Kaka yako

* * *

Makao Makuu
20 Mei

Kaka,

Salamu kwa wote. Nimeziandika kwa kujilazimisha, nisikufiche.

Zabuni imefungwa. Wamejitokeza wauzaji wawili. Kanuni inataka watatu, kwa hiyo itatangazwa upya. Nilikuwa nimesimama koridoni kama mwanafunzi aliyetolewa darasani, nikawasikia wakisema "tutangaze upya" kwa sauti ya watu wanaoagiza chai ya pili. Nilitaka kuingia. Sikuingia.

Lakini si hilo lililonikosesha usingizi. Gadi aliponiletea barua yako alinipa pole. Pole ya nini? Akasema pole ya Mama, maana alimwona mwezi uliopita ameshakaa ndani ya behewa, kikapu mapajani, amejifunga kitambaa kipya kichwani, na wewe ukapanda ukamshika mkono ukamshusha. Treni ikaondoka.

Kaka, uliniandikia magoti. Ukaniandikia mvua. Mama alikuwa kitini! Nafasi ya daktari imepotea, na ya pili nimeipata kwa kumlilia mbele ya wagonjwa wake. Kuna nini? Ni wifi hataki Mama aondoke kwa sababu ya kulea watoto? Au ni wewe, umeona mdogo wako amepanda cheo ukaamua na yeye akose kitu? Nimekaa na mawazo mabaya na yote yana sura yako. Sema. Hata kama ni baya, sema.

Mdogo wako

* * *

Karakana ya Mlimani
9 Juni

Mdogo wangu,

Watoto wanakusalimu. Wifi yako pia, na anasema maneno uliyomwandikia hakuyastahili, ila amekusamehe kwa kuwa hata yeye ananiuliza swali lilelile kila tukifunga mlango. Yeye naye sijamjibu.

Umesema niseme. Haya.

Kila asubuhi kabla treni ya abiria haijaondoka, mimi hupita behewa kwa behewa nikiinama, kisha nasaini kwamba inafaa kushuka mlima. Tangu Februari nasaini huku najua haifai. Utasema nikatae. Nikikataa ataletwa mwingine atakayesaini bila kuinama. Na kwa kuwa barabara imekatika, unga na dawa za mji huu vinapanda kwa treni hiyohiyo. Ndivyo ninavyojiambia. Yaliyobaki ni woga tu. Nina watoto wanne na nyumba hii ni ya shirika.

Siku ile Mama alikuja stesheni mwenyewe, amesindikizwa na jirani. Alichoka na visingizio vyangu. Nilikuwa nimeshasaini. Nikamwona dirishani anapunga mkono kuniaga, lakini anapunga upande ambao sikuwapo. Nikajikuta nimeshapanda. Nikamwambia, "Mama, shuka, siti hii imeuzwa mara mbili, utakwenda siku nyingine." Akashuka bila kubisha, na wewe unamjua Mama kwa kubisha.

Wengine nikawaacha. Kulikuwa na mwanamke ana mtoto mgongoni, kakaa kiti cha pili yake. Treni ilipoondoka aliniangalia, nikampungia mkono. Mama wa watu nikampungia, mama yangu nikamshusha. Mimi ni mtu wa namna gani, mdogo wangu? Nijibu wewe unayejua kanuni.

Jumamosi iliyopita treni ilipitiliza stesheni ya chini. Dereva alianza kufunga breki tangu kona ya juu, magurudumu yakawa yanapiga kelele tu bila kushika, ikaenda kusimama kwenye majani, mwisho kabisa wa reli. Hakuna aliyeumia. Abiria walicheka, walidhani dereva kasinzia. Dereva alishuka akakaa kwenye kokoto, akashindwa kuwasha sigara. Kesho yake alikuja akaniangalia nikisaini, naye akapanda, kwa sababu na yeye ana watoto.

Sikuombi usaini kitu. Uliniambia niseme, nimesema.

Kaka yako

* * *

Makao Makuu
15 Juni

Kaka,

Soma hii ukiwa peke yako. Msalimie wifi na umwombe radhi kwa niaba yangu, mimi sina uso. Mwambie Mama daktari bado anamsubiri, hata kama sivyo.

Nimekwenda kwa Mkurugenzi. Ni mtu mpole, ana sauti ya kubembelezea mtoto. Nikamwambia zabuni haiwezi kungojwa, tununue viatu vya breki kwa dharura. Akasema, "Binti, dharura haitangazwi kwa uvumi. Niletee karatasi ya msimamizi wa karakana inayosema treni hazifai, nitaidhinisha leo."

Nikamuuliza, "Na huyo msimamizi itakuwaje?"

Akasema, "Ataulizwa alikuwa anasaini nini."

Halafu akaniuliza kama nitakunywa chai.

Kwa hiyo njia ni mbili. Uandike wewe, ufungwe. Au nisaini mimi bila karatasi, tena kwa maombi ya kaka yangu ambayo nilijitoa kwayo kwa maandishi, niende alikokwenda bosi wangu. Wao wameshika mpini, sisi tumeshika makali, na damu ni yetu vyovyote tutakavyovuta.

Nimeshaamua. Sina mume, sina mtoto, hakuna wa kuja kila Ijumaa kuuliza mshahara wangu. Hati ya kununua nimeshaichapa, Jumatatu naisaini. Naogopa, kaka. Kila nikikanyaga koridoni nahisi wameshajua. Lakini kila nikifumba macho namwona yule mwanamke uliyempungia mkono kwenye barua yako.

Usiandike. Unanisikia? Mara hii tu nitii mimi, mdogo wako. Usiandike chochote.

Mimi

* * *

Karakana ya Mlimani
18 Juni

Kwa Kaimu Mkuu wa Ununuzi
Makao Makuu ya Reli

YAH: KUTOFAA KWA BREKI ZA MABEHEWA YA ABIRIA

Leo asubuhi nimekataa kupitisha treni ya abiria kushuka mlima. Viatu vya breki vimekwisha kwenye mabehewa yote na vilivyochongwa kutoka mabehewa ya mizigo havishiki. Treni imesimama stesheni na funguo ninazo mimi.

Tangu mwezi Februari nimekuwa nikisaini kwamba treni hii inafaa, huku nikijua haifai. Hakuna aliyenilazimisha. Mafundi wa karakana walitii maagizo yangu na hawana kosa.

Barua hii itumike kama uthibitisho wa dharura. Inaletwa kwa mkono na gadi, kwa toroli ya reli hadi stesheni ya chini, ili ifike kabla ya Jumatatu.

Msimamizi wa Karakana

Nakala: Mkurugenzi, Mkaguzi Mkuu

* * *

Ofisi ya Ununuzi
12 Septemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne tangu wakuweke mahabusu. Askari wa zamu anasema zile tatu umepewa. Kama umeamua kunyamaza, nyamaza, mimi nitakusalimu tu. Wifi na watoto wako hapa kwangu tangu walipotolewa kwenye nyumba ya shirika. Tumebanana lakini tunakula. Wa mwisho meno yameota. Mkubwa amegoma kuvua ile fulana yako ya karakana, wifi anaifua mtoto akiwa amelala.

Faili lako lilitoka kwenye kamati siku ileile barua yako ilipofika. Wale waliokuwa wakiagiza chai ya pili, walikimbia! Ilibidi mimi ndiye nigonge muhuri wa kuipokea, kwa kuwa uliniandikia mimi. Nilitafuta salamu kwenye ile barua, kaka. Niliigeuza nikaangalia hata nyuma ya karatasi. Ndipo nikaelewa kwa nini hukuziweka, nikagonga muhuri. Mkurugenzi akaidhinisha, mimi nikasaini chini yake kama kanuni ya dharura inavyotaka, na viatu vya breki vikapanda mlimani kabla mwezi haujageuka. Hati yangu niliyoichapa niliichana vipande nikavimwaga kwenye mapipa tofauti.

Jana nimethibitishwa. Mkuu wa Ununuzi. Barua inasema "kwa uadilifu wake." Nimeisoma mara moja, nikaikunja nikaitia mkobani, nikarudi mkutanoni.

Mama alishuka kwa treni ya kwanza iliyofungwa breki mpya. Jicho la kushoto limekufa. Daktari amesema angefika Aprili lingepona, na amesema hivyo mbele yake. La kulia limefanyiwa upasuaji, anaona. Anatambua sura mtu akisogea, na amenishutumu kwamba nimekonda na kwamba kitenge nilichomnunulia kina rangi ya mgonjwa.

Nilikuwa nimemwambia umehamishwa kikazi. Jana jioni nilipoingia na barua ya kuthibitishwa wifi akaanza kulia, na mimi nikaanza, na Mama akasema, "Basi, acheni kunidanganya. Mwanangu yuko ndani." Wifi akajifuta machozi. Akasema, "Na mimi ningepaswa kuwa naye."

Nikamwambia, "Mama, wewe una kosa gani?"

Hapa naandika maneno yake kama alivyoyasema, maana amenisimamia niyaandike na kila mstari ananiuliza nimeweka nini.

"Siku ile aliponishusha mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nimeolewa na dereva wa treni, nimezaa na dereva wa treni. Nikajua treni ni mbovu. Sikuambiwa, nilijua. Ndiyo maana sikubisha. Yule mwanamke aliyekuwa karibu yangu, mwenye mtoto, alinipokea kikapu akanisaidia kukiteremsha. Akaniuliza, 'Mama, mbona unashuka na ulishakaa?' Nikamwambia nimesahau dawa zangu nyumbani. Akasema, 'Pole, mama.' Nikamwambia safari njema."

Anataka kuja kwenye kesi ayaseme hayo mbele ya hakimu. Nimemweleza kwamba hakimu hatamwita, hayumo kwenye orodha ya mashahidi, na maneno hayo hayatakusaidia kitu. Akasema hataki yakusaidie. Tarehe ya kesi ameshaishika kichwani, na anasema atakaa pale mlangoni mpaka mtu amuulize.

Mdogo wako